Nani Apime Uongozi wa Kijiji? Mradi wa Jipemoyo na Chimbuko la Tathmini Shirikishi Wilayani Bagamoyo

Katika maandishi mengi ya sasa, tathmini shirikishi ya mafunzo ya uongozi wa jamii huelezwa kana kwamba ni mbinu iliyoletwa nchini na wafadhili katika miaka ya 1990. Insha hii inadai vinginevyo. Magharibi mwa iliyokuwa Wilaya ya Bagamoyo, katika vijiji kama Lugoba, Msoga na Mindu Tulieni, swali la nani ana haki ya kupima kazi ya viongozi na wataalamu liliulizwa tangu miaka ya 1970.

Kipimo kilichotawala wakati huo kilitoka juu. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kwa ngazi, kutoka taifa hadi kijiji. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo, tathmini yake ilitazama zaidi mambo yanayohesabika: maarifa ya washiriki kabla na baada ya kampeni, na idadi ya vyoo vilivyochimbwa. Iwapo kiongozi wa kikundi alisikilizwa au aliogopwa, hesabu ya vyoo haikuweza kusema. Swali hilo halikuwa dogo, kwani Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikuwa umekwisha kukemea kiburi na ubabe wa viongozi.

Mradi wa Jipemoyo ulianza mwaka 1975 kwa ushirikiano wa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana na Akademia ya Finland. Kiongozi wake, Marja-Liisa Swantz, alikuwa ameishi Bunju, kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, akijifunza maisha ya Wazaramo, hasa wanawake. Jipemoyo haukuwa mradi wa mafunzo ya uongozi kwa jina. Lakini uliingia vijijini mara tu baada ya Operesheni Vijiji ya 1974, wakati Sheria ya Vijiji ya 1975 ilipokuwa inaunda halmashauri zenye wajumbe wasiozidi 25. Watu waliohamishwa walitakiwa sasa kujiongoza, tena chini ya macho ya maofisa walewale waliowahamisha. Katika hali hiyo, kumwuliza mwanakijiji anavyoiona kazi ya serikali lilikuwa tayari jambo la kisiasa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Waparakuyo, wafugaji wenye nasaba na Wamaasai, ambao Kemal Mustafa alifanya kazi nao. Machoni pa maofisa wengi walikuwa wakaidi wa maendeleo. Walipoketi na watafiti kuchambua hali yao, ilidhihirika kwamba hawakukataa dawa za mifugo wala majosho. Walichokipinga ni mpango wa makazi uliobuniwa kwa kumfikiria mkulima. Kwa maneno mengine, aliyepimwa aligeuka mpimaji, na kasoro ikaonekana katika mpango wenyewe. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye thamani kuu ya Jipemoyo, kuliko nadharia iliyojengwa juu yake baadaye.

Hata hivyo, ushiriki huo ulikuwa na mpaka, nao ulikuwa kalamu. Juzuu la kwanza la Jipemoyo lilichapwa Uppsala, Sweden, mwaka 1977, kwa Kiingereza. Utafiti wa Ulla Vuorela kuhusu wanawake wa Msoga ulitoka mwaka 1987, nao kwa Kiingereza. Wanakijiji walishiriki kusema na kuchambua. Uamuzi wa nini kiandikwe, kwa lugha gani na kisomwe na nani ulibaki kwa watafiti. (Msomaji wa leo huijua Msoga zaidi kama nyumbani kwa Rais mstaafu Jakaya Kikwete.)

Katika miaka ya 1980 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando Mlama, walifika Msoga hiyohiyo na sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Kwa desturi ya sanaa hizo, wanakijiji wenyewe huchagua tatizo, huliigiza kwa ngoma na mchezo, kisha hulijadili papo hapo, viongozi wa kijiji wakiwa miongoni mwa watazamaji. Katika sanaa za namna hiyo hukumu hutolewa kwa lugha ya kijiji, na anayehukumiwa anaweza kutakiwa kujibu kabla hadhira haijatawanyika.