Chupa ya Makonyo

Mama mkubwa alipoanza kutundikiwa dripu za saratani, nilimletea chupa ya mafuta ya makonyo ya karafuu kutoka Pemba, kwao. Nasomea shahada ya uzamili ya historia. Nilikuwa nimesoma habari za tiba ya harufu, nikadhani nimeelewa.

Neno aromatherapi limetoka Ufaransa. René-Maurice Gattefossé, mkemia wa Lyon, alilifanya jina la kitabu chake cha mwaka 1937. Husimuliwa kwamba mwaka 1910 mlipuko wa maabara ulimuunguza, akatumbukiza mkono kwa bahati katika chombo cha mafuta ya lavenda, ukapona. Mwenyewe aliandika vingine: vidonda vilikuwa vimeanza kuoza, naye akaviosha kwa lavenda kwa kusudi.

Gattefossé aliwaza vidonda na vijidudu. Marguerite Maury, mzaliwa wa Austria aliyesomea uuguzi, ndiye aliyeyapeleka mafuta hayo kwenye ukandaji wa mwili. Kitabu chake kilitoka mwaka 1961. Baadaye wauguzi wa Uingereza wakayaingiza katika wodi za saratani. Si kwa kuua uvimbe, bali kutuliza kichefuchefu na hofu. Mpaka leo matokeo ya utafiti yanapishana.

Nilifungua chupa. Mama mkubwa akageukia ukutani.

“Iondoe, mwanangu.”

Nikafunga haraka. Alipopata nafuu alisema, “Nimechambua karafuu tangu mdogo. Vidole vinanuka mpaka kitandani. Leo tena niinuse hapa?”

Niliona haya. Najua mikarafuu ya visiwa vyetu ilitanda enzi za Sayyid Said kwa jasho la watumwa, na kwamba amri ya kufuta utumwa Zanzibar ilitoka mwaka 1897. Nimeyaandika hayo kwenye mitihani. Lakini kwake nilipeleka karafuu kama marashi tu, kana kwamba harufu haina kazi nyuma yake, na sikumuuliza.

“Basi unataka nini, mama?”

“Ndimu.”

Nikaikata mbili. Aliishika puani mpaka dripu ikaisha. Siku ile hakutapika. Sidai kwamba ni ndimu, maana alikuwa amepewa pia dawa ya kuzuia kutapika.

Usiku nilirudi kwa Gattefossé, nikapigia mstari jambo ambalo hadithi ya bahati imelifuta: aliyeumia ndiye aliyechagua dawa.

Safari iliyofuata nilibeba ndimu tatu.