Chombo cha Pumzi na Kilindi cha Kesho

Sisi wa Vudee hatuna bahari, lakini kupima maji tunakujua. Wazee wetu walijenga ndiva, yaani mabwawa ya kukusanya maji ya vijito usiku kucha. Asubuhi kizibo huondolewa, maji yakashuka katika mfereji mkuu kwa nguvu iliyopunguzwa. Kisha mkulima mwenye zamu huyafungulia shambani mwake kwa kadiri ya haja yake. Pasipo ngazi hizo mbili, maji yangebomoa kingo na mahindi yangekauka.

Kifaa anachopumulia mpiga mbizi hufanya kazi hiyo hiyo. Nakiita regulata, kwa kuwa ni ndugu wa ile ya jiko la gesi. Hewa hushindiliwa mtungini hadi mgandamizo wa baa 200 hivi, ambao hakuna kifua kiwezacho kuustahimili. Hatua ya kwanza, iliyofungwa kwenye mtungi, huupunguza hadi baa 10 hivi juu ya mgandamizo wa maji yaliyoizunguka. Hatua ya pili, iliyo mdomoni, hutoa hewa pale tu mtu avutapo pumzi.

Ajabu ni kwamba chombo hiki hakikuzaliwa baharini. Mnamo mwaka 1860 Benoît Rouquayrol, mhandisi wa migodi nchini Ufaransa, alibuni kifaa cha kuwapa hewa watu waingiao katika mashimo yaliyojaa gesi mbaya. Miaka michache baadaye yeye na Auguste Denayrouze, ofisa wa jeshi la majini, wakakifanya kifae chini ya maji. Mwaka 1943, petroli ilipoadimika kwa sababu ya vita, mhandisi Émile Gagnan alikuwa na vali ya kuendeshea motokaa kwa gesi. Jacques-Yves Cousteau akashirikiana naye, na vali ile ikageuzwa kuwa pumzi ya mpiga mbizi. Historia hiyo inatufundisha kwamba chombo chenye msingi mzuri huweza kupewa kazi ambayo hapo mwanzo haikufikiriwa.

Kijana mmoja wa ukoo wetu, anayeongoza watalii chini ya maji huko pwani, aliniomba nimwongezee fedha za kununua regulata. Swali lake lilikuwa hili: "Babu, ninunue inayotosha kwa leo, au ile itakayonifaa nitakaposhuka kina kirefu zaidi?"

Ndugu msomaji, hesabu yake si ngumu. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo kama ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye mita 40, ambao ndio mpaka wa upigaji mbizi wa starehe, pumzi moja humaliza hewa mara tano ya ile ya juu. Kwenye mita 100, mara kumi na moja. Kwa hiyo sharti la kwanza ni regulata iliyosawazishwa, ambayo haiwi nzito kuvuta mtungi unapokaribia kwisha wala kina kinapozidi. La pili, iwe ya kufungwa kwa skrubu ndani ya vali, mtindo wa Kijerumani uitwao DIN, kwa kuwa hushika imara kuliko ile ya kubanwa kwa nje. La tatu, iwe na matundu ya kutosha ya kuunganishia mipira, kwani huko mbele mtu hubeba mitungi miwili, kila mmoja na regulata yake, na mpira mmoja mrefu wa mita 2 hivi wa kumpa mwenzake aliyeishiwa. La nne, ambalo wauzaji hulisahau, vipuri na fundi wake wapatikane huku kwetu. Kinga ya baridi kali si ya lazima katika bahari yetu yenye joto.

Lakini chombo hakimalizi swali. Mwezi Oktoba 2000, huko Sodwana Bay nchini Afrika Kusini, wapiga mbizi waliofika mita 104 walimwona silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka tangu zama za kale sana hadi mmoja alipovuliwa mwaka 1938. Mwezi uliofuata walirudi kumpiga picha za filamu, na mwenzao mmoja akafariki. Watu hao walikuwa na vifaa vizuri na ujuzi mwingi. Silikanti hao hao, kuanzia mwaka 2003, wamenaswa katika nyavu za wavuvi wetu, hata Tanga ikapata hifadhi yao ya bahari. Kwa hiyo kishawishi cha kilindi kiko mlangoni petu.

Nilimwongezea kijana fedha, kwa sharti kwamba sehemu yake iende kwenye mafunzo. Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Regulata nzuri inaweza kumngoja mwenyewe miaka kumi ikifanyiwa matengenezo. Haina haraka ya kwenda kokote. Mwenye haraka ni mtu. Kwa hiyo anunue chombo kinachotazama mbele, lakini yeye ashuke kwa ngazi, kama yashukavyo maji ya ndiva, kila ngazi ikipimwa kabla ya inayofuata kufunguliwa.