Ukakasi

Marafiki wanapolinganisha divai za Ulaya mezani, hufika kwenye Barolo ya Italia wakakosa neno. Ulimi umekauka, fizi zinaparuza, nao husema tu "kali". Ukali ni jambo jingine. Ukavu huo ni ukakasi, ule ule wa bibo bichi. Huletwa na tanini za maganda na mbegu za zabibu, ambazo hushikana na protini za mate na kuuondolea mdomo utelezi wake. Ndiyo maana huko Piemonte, inakotoka, Barolo huandamana na nyama ya ng'ombe iliyopikwa taratibu, inayoulainisha ukakasi huo. Chablis ya Ufaransa, ya zabibu za Chardonnay, kinyume chake ina ugwadu: mate hujaa. Wahudumu wa hoteli zetu wangeyatumia maneno haya mawili, wateja wangeagiza kwa kuelewa.