Nyumba Iliyorukwa: Kitabu cha Mjomba na Programu za Kupanga Kurasa

Mjomba wangu aliandika historia ya ukoo wetu kwa mkono, kwenye madaftari manne ya shule, huko juu Chome. Mwaka 2003 akashuka nayo Same, akapanda basi la Moshi, na kijana mmoja wa kiwanda cha uchapaji akampangia kurasa kwa PageMaker. Zikatoka nakala mia moja, kurasa 64, jalada la kijani. Siku ya kuzigawa, bibi mmoja aliyepekua mpaka mwisho akauliza, "Sasa na sisi tuko wapi?"

Mke wa pili wa babu mkuu, pamoja na uzao wake wote, hawakuwemo. Kwenye daftari walikuwemo. Ukurasa ulirukwa wakati wa kutaipu. Wapare tunataniwa kwa kupenda kesi, basi fikiria mwenyewe. Watu wa nyumba ile wana mashamba, na sasa kuna kitabu kinachosomeka kana kwamba hawakuzaliwa. Mjomba akaahidi toleo la pili. Akafariki bado anaahidi.

Maandishi kuhusu Upare yamezoea kupangiwa kurasa mbali na milima yenyewe. Sarufi ya Chasu ya mmisionari Ernst Kotz ilitoka Berlin mwaka 1909. Profesa Isaria Kimambo aliwasikiliza wazee wetu, lakini kitabu chake cha historia ya Wapare kilitolewa Nairobi mwaka 1969. Huku mlimani mtu anasimulia au anaandika. Mwingine, asiyewajua wahusika, ndiye anayeamua nini kikae ukurasa gani. Na enzi za herufi za risasi, kazi ikiisha herufi zilirudishwa kwenye makasha yake. Ukitaka kusahihisha mwaka unaofuata, unapanga upya.

Kitu pekee kilichokuwa mikononi mwetu kilikuwa stenseli. Karani au mwalimu alitaipu kwenye karatasi ya nta, akaifunga kwenye mashine ya kurudufu, akazungusha mkono. Herufi zilifurika wino na mistari ilipinda, sawa. Lakini aliyetaipu ndiye aliyepanga, na akikosea alipaka dawa ya kusahihishia papo hapo. Mimi naona huyo ndiye babu halisi wa programu za watu wasio wasanifu.

Kompyuta iliingia kwenye kazi hii mwaka 1985. Paul Brainerd, mtu aliyetokea kwenye magazeti, alikuwa na kampuni iitwayo Aldus huko Seattle, nayo ikatoa PageMaker kwa ajili ya Macintosh. Pamoja na printa ya LaserWriter ya Apple na lugha ya PostScript ya Adobe, meza moja ikafanya kazi ya chumba kizima cha wapanga chapa. QuarkXPress ikafuata mwaka 1987 na kuyateka magazeti. Mwaka 1991 Microsoft ikaleta Publisher, na hapo ndipo njia zilipoachana: hii haikutaka fundi. Ilikupa kiolezo, wewe ukajaza maneno. Wasanifu waliicheka, na wengine bado wanaicheka.

Adobe ikainunua Aldus mwaka 1994, ikatoa InDesign mwaka 1999, na PageMaker ikapata toleo lake la mwisho, la 7, mwaka 2001. Kwa hiyo mjomba alipofika Moshi alikuwa anapanda basi ambalo limeshafika mwisho wa safari. Nani angemwambia?

Mwaka jana nilitoa ile CD kabatini. Kwanza nilihangaika kupata kompyuta yenye tundu la CD. Pale Same, steshenari ya tatu ndiyo iliyokuwa nayo. Faili lilikuwepo. Mpwa wangu, msanifu Dar es Salaam, akalijaribu kwenye InDesign yake mpya. Likagoma. InDesign za zamani, mpaka CS6, zilifungua mafaili ya PageMaker, zilizofuata ziliacha. "Mjomba," akaniambia kwa simu, "nipe madaftari, nikupangie upya vizuri kabisa."

Angepanga vizuri, sina shaka. Ila tangu 2013 InDesign mpya ni ya kulipia kila mwezi au mwaka, na siku bibi mwingine akiuliza swali tungerudi Dar kupiga hodi. Binamu yangu, mwalimu, alitaka Publisher kwa sababu anaijua. Nikamwonyesha kwamba Microsoft imeshatangaza kuiondoa Oktoba 2026. Vijana wa steshenari walipendekeza CorelDRAW, ambayo kwa kadi za michango na mabango haina mpinzani, lakini kumpangia mtu kitabu humo, ukurasa mmoja mmoja, ni kumchimbia mwenzako shimo. Canva, iliyoanza Australia mwaka 2013, inafanya kazi hata kwenye simu. Tatizo ni kwamba kazi yako inakaa kwao, na bando likiisha umebaki na simu tu.

Kilicholifungua ile faili ni LibreOffice, programu ya bure. Draw yake inasoma PageMaker na hata Publisher. Mistari ilivunjika na picha hazikuonekana, maana PageMaker mara nyingi iliziacha kwenye mafaili ya pembeni ambayo kijana wa Moshi hakutupa. Lakini maneno yalikuwepo yote, na hilo lilitupunguzia majuma ya kutaipu.

Tukagawana. Maneno yote yakahamishiwa Writer, binamu akaweka mitindo ya vichwa vya habari ili akibadilisha kimoja vibadilike vyote. Mpwa akatengeneza jalada tu, kijani kilekile, akatutumia kama picha. Alinung'unikia nafasi kati ya mistari, akapewa haki ya kuirekebisha mara moja, si zaidi.

Ile nyumba iliyorukwa sasa inaanzia ukurasa wa 41. Binamu aliitaipu kutoka daftari la tatu usiku mmoja, nyumbani kwake, bila intaneti. Bibi aliyeuliza swali bado yupo. Alisomewa majina akatusimamisha mara mbili: mtoto mmoja tulikuwa tumemwandika kwa jina la ubatizo peke yake. Likaongezwa la Kipare akiwa bado amekaa pale.