Kapsuli ya Tumbo: Inatibu Nini, Inaficha Nini

Dada yangu ameolewa Isiolo, na kila nikienda kumzuru hukuta kisahani kile kile juu ya kabati. Ndani yake mna dawa za shemeji: vidonge vya mgongo, vya kichwa, na zile kapsuli za tumbo ambazo hata nyumbani kwetu Mombasa hazikosekani.

Shemeji ni dereva wa lori. Njia yake ni ya Moyale, kilomita 500 na ushei kutoka Isiolo, na aghalabu huiendea usiku, miraa shavuni na chupa ya chai ya moto pembeni. Mgongo ukimuuma humeza diklofenaki. Tumbo likimchoma hapa penye chembe cha moyo, humeza kapsuli moja na kuishushia chai, tena baada ya kula. Maumivu yakipoa, basi, mpaka siku nyingine. Alikwenda hivyo miaka miwili. Mwaka jana alianguka msalani. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami kwa siku tatu, naye akidhani ni sababu ya maini aliyokula njiani. Alitiwa damu, akapelekwa mji mwingine kuangaliwa tumbo kwa kamera, na huko kikaonekana kidonda kinachovuja.

Tangu siku hiyo jamaa wananiuliza: ni hizo kapsuli zilizomtoboa? La. Lau angezimeza ipasavyo huenda zingemkinga. Mimi si daktari, stashahada yangu ni ya uandishi wa habari. Lakini nimeketi na mfamasia, nimemuuliza daktari, na nimeisoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ambayo sote huitupa. Niliyoyaelewa ndiyo haya.

Dawa yenyewe ni omeprazoli. Ina ndugu zake: esomeprazoli, lansoprazoli, pantoprazoli, rabeprazoli. Ukiona jina linaishia hivyo, jua ni ukoo mmoja. Tumbo letu lina pampu ndogo ndogo zinazomwaga asidi ya kusaga chakula na kuua vijidudu. Omeprazoli huzifunga pampu hizo. Zile dawa nyeupe za maji za magnesi na alumini hufanya kazi nyingine, huipoza asidi iliyokwisha kumwagika, na baada ya muda mfupi nguvu zao zimekwisha. Kapsuli hufunga bomba lenyewe, na bomba halifungiki mara moja. Nguvu yake kamili huja baada ya siku moja hadi nne za kuimeza kila siku. Kwa hiyo anayemeza moja leo na nyingine Alhamisi kama panadoli, kama alivyofanya shemeji, hapati hata nusu ya faida.

Saa ya kumeza nayo ni muhimu. Pampu huamshwa na chakula, hivyo dawa inatakiwa iwe imetangulia: nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa maji, si kwa chai na mandazi. Usitafune zile chembe zilizomo ndani wala kuzisaga. Zimevikwa gamba ili asidi isiziharibu kabla hazijafika kwenye utumbo. Mwezi wa Ramadhani mambo ni mepesi kuliko tunavyodhani: adhana ya Magharibi ikilia, meza kapsuli kwa maji, ukaswali, kisha urudi mezani. Hapo muda umepita wenyewe. Ama mwenye kidonda kinachovuja, huyo ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa yake. Asishindane.

Kipimo cha kawaida ni miligramu 20 kwa siku, na daktari anaweza kupandisha hadi 40. Hutumika kwa kiungulia cha mara kwa mara, kwa vidonda vya tumbo na vya utumbo wa mwanzo, na kuwakinga watu wasio na budi kutumia dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo huuvua ukuta wa tumbo kinga yake. Kwa kiungulia, matibabu huwa ni wiki nne hadi nane. Anayejinunulia mwenyewe dukani asizidishe siku 14 bila kuonwa na daktari. Sisi tunahesabu miaka.

Hapa ndipo pana jambo ambalo wengi hatulijui. Vidonda vingi havitokani na pilipili wala mawazo. Hutokana na zile dawa za maumivu, au na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, anayeishi ndani ya ukuta wa tumbo. Waliomgundua ni madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall. Wenzao hawakuwaamini, na mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Dawa yake ni antibayotiki mbili pamoja na omeprazoli, mara nyingi kwa siku 14, na siku hizo zote lazima zikamilike. Kapsuli peke yake hailiui dudu hilo. Inatuliza tu moto, na dudu linabaki nyumbani kwake.

Baya zaidi, inalificha. Shemeji alikuwa amepimwa choo miezi kadhaa kabla ya kuanguka, akaambiwa hana bakteria. Hakuna aliyemuuliza kama anameza kapsuli, na alikuwa amemeza wiki hiyo hiyo. Dawa hizi huwapunguza bakteria kiasi cha kukidanganya kipimo. Kwa kawaida mtu aache omeprazoli wiki mbili, na antibayotiki wiki nne, ndipo apime choo au pumzi. (Kama una kidonda kinachotoka damu, usiache bila daktari.) Nacho kipimo cha damu cha haraka huweza kuonyesha bakteria hata kwa mtu aliyekwisha kupona, hivyo si cha kutegemea kujua kama matibabu yamefaulu. Shemeji bakteria wake walionekana kwenye kinyama kilichokatwa wakati wa kamera.

Madhara ya siku za mwanzo ni madogo: kichwa kuuma, tumbo kujaa, kuharisha au kufunga choo, kichefuchefu. Kwa watu wengi hupita. Ya muda mrefu ndiyo ya kutazamwa. Vitamini B12 hupungua, kwani asidi ndiyo inayoitoa kwenye nyama, na mtu huanza kuhisi ganzi miguuni na uchovu. Wazee wetu wa pwani wenye kisukari wanaotumia metfomini wajihadhari zaidi, kwa sababu nayo hupunguza B12. Magnesi ya damu huweza kushuka, misuli ikakaza na moyo ukadunda ovyo. Tafiti zimehusisha matumizi ya mwaka na zaidi, hasa kwa vipimo vikubwa, na kuvunjika mifupa ya nyonga, kifundo cha mkono na uti wa mgongo. Maambukizi ya utumbo yenye kuharisha sana huongezeka, na kwa wachache figo hushika uvimbe.

Kisha kuna mtego wa kuacha. Ukiitumia miezi mingi na kuikata ghafla, pampu zilizofungwa hurudi kwa hasira, na kiungulia cha wiki mbili hivi huwa kikali kuliko cha mwanzo. Mtu husema, "Mwaona, siwezi kuishi bila hiyo," akarudia. Kumbe ni dawa yenyewe. Heri kuipunguza polepole kwa ushauri.

Haipatani na kila dawa. Hupunguza nguvu ya klopidogreli wanayopewa wagonjwa wa moyo, na haichanganywi na baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi kama rilpivirini. Anayetumia wafarini aseme mapema. Nenda dukani na dawa zako zote mfukoni, usione haya.

Wazee wengine bado wanauliza ranitidini ilikwenda wapi. Mwaka 2019 ilionekana kuwa na kemikali ya NDMA, inayohofiwa kuleta saratani, na Aprili 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka iondolewe sokoni kabisa. Ukiikuta droo ya nyumbani, usiimeze. Famotidini, ya ukoo huo huo, haikuwa na taabu hiyo.

Isiolo nimeambiwa mara nyingi kwamba maziwa ya ngamia huponya vidonda. Ni maziwa matamu, nami huyanywa. Lakini maziwa kwa jumla hupoza kwa muda mfupi, kisha huliamsha tumbo limwage asidi zaidi. Tuyanywe kama chakula.

Mwenye dalili hizi asimeze kapsuli akalala: choo cheusi kama lami, kutapika damu au kitu mfano wa kahawa, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni. Hiyo ya mwisho msiipuuze. Saratani ya umio ni miongoni mwa zinazoua watu wengi Kenya, na vinywaji vya moto kupita kiasi vinashukiwa kuichangia. Kapsuli huweza kutuliza maumivu yake huku ugonjwa wenyewe ukikua.

Shemeji alimaliza siku zake 14, akaendelea na omeprazoli wiki nane, akapumzika nayo, akapimwa tena: hakuna bakteria. Diklofenaki ameiacha. Miraa amepunguza, asema yeye. Dada asema amehamishia kwenye droo ya lori.