Muziki wa hisani katika Second Life
Ni maonyesho ya muziki wa moja kwa moja ya kuchangisha fedha ndani ya ulimwengu pepe uliofunguliwa mwaka 2003 na Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Mwanamuziki huimba nyumbani kwake. Sauti hupita kwenye intaneti hadi jukwaani, ambako kikaragosi chake kimeshika gitaa la kuchorwa. Sauti huchelewa kidogo, hivyo pongezi, nyingi zikiwa za maandishi, humkuta keshaanza wimbo mwingine. Wasikilizaji hutunza kama kwenye taarabu, ila kwa dola za Linden, ambazo hubadilishwa kuwa fedha halisi. Kila mchango ni kiduchu. Hata hivyo hafla ya kuchangisha fedha ya Relay for Life, inayofanyika humo tangu 2005, imelipatia shirika la kupambana na saratani la American Cancer Society mamilioni ya dola.