E. D. Morel na Vitabu vya Hesabu vya Kongo

Edmund Dene Morel alikuwa mbunge kwa miaka miwili tu, lakini kazi iliyomwingiza katika historia ya Afrika aliianza akiwa karani, katika vitabu vya hesabu vya kampuni ya meli.

Alizaliwa Paris mwaka 1873, na mwaka 1891 aliajiriwa Liverpool na kampuni ya Elder Dempster, iliyosafirisha shehena baina ya Antwerp na Dola Huru ya Kongo, yaani nchi iliyomilikiwa na Mfalme Leopold II binafsi, si na serikali ya Ubelgiji. Kwa kuwa alikijua Kifaransa, alitumwa Ubelgiji mara kwa mara, na huko, alipolinganisha orodha za shehena na takwimu zilizotangazwa, aliona kwamba meli zilirudi zimejaa mpira na pembe za ndovu, ilhali zilizokwenda Kongo zilibeba bunduki na risasi nyingi pamoja na bidhaa chache mno za kubadilishana. Mali inayotoka katika nchi bila malipo ya maana kuingia, huku silaha zikiingia, haiwezi kuwa imepatikana isipokuwa kwa kazi ya kulazimishwa. Morel alilitambua hilo bila kukanyaga Kongo, ingawa George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyefika huko, alikwisha kumlaumu Leopold kwa barua ya wazi tangu mwaka 1890.

Morel aliacha kazi mwaka 1901, akageukia uandishi, na mwaka 1904, ripoti ya konseli Roger Casement ilipokuwa imethibitisha ukatili huo kwa ushahidi wa Wakongo wenyewe, akashiriki kuunda Chama cha Mageuzi ya Kongo. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuikabidhi nchi hiyo kwa serikali ya Ubelgiji.

Haifai, hata hivyo, kunyamazia kijitabu alichokitoa mwaka 1920, ambamo aliwachora askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa nchini Ujerumani kuwa hatari kwa wanawake kwa sababu ya rangi yao. Ni doa zito, hasa kwa mtu aliyewatetea Waafrika kwa uaminifu mkubwa hivyo.

Mwaka 1922 alichaguliwa Dundee kwa tiketi ya chama cha Labour, katika uchaguzi uliomwangusha Winston Churchill. Mabunge ya wakati huo yalivunjwa upesi, hivyo alirudi kwa wapiga kura mwaka 1923 na tena Oktoba 1924, akashinda mara zote mbili. Uwaziri wa Mambo ya Nje alioutumainia, Waziri Mkuu Ramsay MacDonald aliushika mwenyewe, na Morel alifariki tarehe 12 Novemba 1924, wiki mbili baada ya ushindi wake wa mwisho.